Unga wa Chai ya Zambarau

Nyakundi alikuwa mtu wa kujibu. Ukimwuliza mkewe ameamkaje, yeye ndiye angekuambia. Mgeni akimwuliza binti yake yuko darasa la ngapi, jibu lingetoka kwa Nyakundi, na mara nyingine lilikuwa darasa la mwaka uliopita. Hakuwa mkorofi. Alikuwa amefanya kazi miaka ishirini na miwili katika kiwanda cha majani chai, mahali ambapo mashine hunguruma kutwa na asiyejibu haraka hasikiki, na tabia hiyo alirudi nayo nyumbani kila siku.

Kwa hiyo daktari alipomgeukia Bitutu, siku ya raundi yake ya pili ya kemo, ile tiba ya saratani, akamwuliza kama kuna kitu kingine anachotumia mbali na dawa za hospitali, labda mitishamba, labda vidonge vya kununua sokoni, Nyakundi alimtangulia mkewe.

"Hakuna, daktari. Sisi ni watu wa kanisa. Mambo ya mitishamba hatujui."

Na hakuwa anadanganya. Hilo nalisema mapema, maana watu wakisimuliwa kisa hiki humhukumu kabla hakijafika nusu. Kwa Nyakundi, mitishamba ni magome na mizizi inayochemshwa na wazee wasiopenda kuulizwa maswali. Alichokuwa akimpa mkewe kilikuwa chai. Na kule kwao Kimulot, ambako chai huanzia nyuma ya choo cha mtu ikaenda mpaka msitu wa Mau, nani anaihesabu chai kuwa dawa? Ungemwuliza kama wanatumia chumvi angekujibu vilevile. Daktari akaandika kwamba hakuna, Bitutu akatazama glovu zake, na mambo yakaendelea.

Bitutu alikuwa amepasuliwa utumbo mpana mwezi wa Desemba. Uvimbe ulitolewa wote, lakini tezi mbili za karibu zilikuwa zimeshaguswa na saratani, ndiyo maana akapangiwa kemo ya raundi nane: siku moja ya dripu kila baada ya wiki tatu, na vidonge asubuhi na jioni kwa wiki mbili. Dripu ile ina visa vyake. Ikishaingia mwilini, kitu baridi hakigusiki. Maji ya mtungi yanachoma vidole kama upupu, na ukimeza tonge lililopoa koo linataka kufunga. Sasa mwambie mtu asiguse baridi, naye anaishi Kimulot, ambako hata kikombe kilicholala kabatini asubuhi ni barafu. Bitutu alivaa glovu za sufi hata akimenya ndizi.

Nyakundi alimpenda mkewe. Nalitamka mimi kwa sababu yeye mwenyewe hakuwahi kulitamka. Alikuwa amekaa kando ya kitanda cha hospitali wiki nzima bila la kufanya, na mtu aliyezoea kusimamia draya, ule mtambo mkubwa wa kukaushia majani, akikosa la kufanya anaugua hata kuliko mgonjwa. Vidonge vilikuwa vya hospitali. Dripu ilikuwa ya hospitali. Yeye alikuwa mtu wa kubeba begi.

Ndipo Phanice, binti yao aliyeolewa Silibwet, alipomtumia video kwenye simu. Mtu mmoja mwenye koti jeupe alikuwa akieleza kwamba chai ya zambarau ina kitu kinachopigana na saratani ya utumbo, na kwamba kikiungana na kemo vinafanya kazi bega kwa bega. Zikaonyeshwa seli za saratani kwenye kisahani cha kioo zikinywea na kufa. Nyakundi aliitazama video ile mara kumi na moja. Sayansi yake hakuifuata sana. Alichokifuata ni lile jani, maana lilikuwa jani lake.

Hapo lazima nirudi nyuma kidogo. Miaka minane kabla, watu wa Kimulot walisikia kwamba kuna aina mpya ya mchai wenye majani ya rangi ya zambarau, wenye afya kuliko chai zote, na soko lake liko njiani linakuja. Wengi wakapanda. Nyakundi alipanda mashina mia tatu, na kwa kuwa shamba lilikuwa limejaa, aliyapanda pale Bitutu alipokuwa na bustani yake ya mboga, chinsaga na managu. Soko likachelewa, kisha likaendelea kuchelewa. Majirani wakang'oa, mmoja baada ya mwingine. Nyakundi akakataa kata kata. Na Bitutu, aliyekuwa akiwauzia wanawake wenzake mboga, akawa anazinunua kwao, akirudi nazo nyumbani bila kusema neno, na ule ukimya wake Nyakundi aliusikia kwa miaka minane.

"Nilisema nini kuhusu hii chai?" akamwuliza mkewe jioni ile ya video, akimsogezea simu. "Mama Phanice, nilisema nini?"

"Ulisema utaninunulia jiko ya gas."

"Nilisema iko na kazi yake. Sasa angalia kazi yake."

Bitutu akatazama seli zikifa kwenye kisahani. Kisha akamtazama mumewe, ambaye uso wake ulikuwa umechangamka kwa mara ya kwanza tangu Desemba, akasema, "Haya. Tutajaribu."

Mtu mwingine angechuma majani, akayatia kwenye sufuria, akampa mkewe kikombe, na kisa hiki kingeishia hapo bila mtu kudhurika. Lakini Nyakundi alikuwa fundi. Alichuma mwenyewe, majani mawili na kichipukizi, kama inavyotakiwa. Akayanyausha juu ya wavu sebuleni usiku kucha. Akayapitisha kwenye mvuke ili yasibadilike rangi, akayasokota kwa viganja, akayachemsha mpaka debe zima la maji likabaki kikombe kimoja kizito cheusi. Kile kizito akakikausha juu ya makaa yenye moto mdogo kabisa, kwa siku mbili, akikigeuza kwa kijiko cha mti, kisha akakisaga na kukichekecha kwa kitambaa cha kichwani cha Bitutu. Gunia zima la majani lilitoa mkebe mmoja wa unga laini, mweusi wenye wekundu kwa mbali. Hata kiwandani hakuwahi kutengeneza kitu safi namna ile.

Akampangia mkewe vijiko vitano kwa siku, ndani ya uji wa wimbi ulio moto, na cha kwanza kabla hajala chochote, ili dawa ikute tumbo tupu ifanye kazi yake bila kusukumana na chakula. Hayo ya tumbo tupu hakuyapata kwenye video. Aliyatoa kichwani mwake, naye aliyaamini sana.

Jambo moja hakulifanya. Kiwandani hakuna chai inayotoka bila kuonjwa. Kuna meza ndefu, kuna vikombe vyeupe, kuna Phelix Oyugi ambaye kazi yake ni kuvuta chai mdomoni kwa kelele, kuizungusha ulimini na kuitema. Nyakundi aliijua sheria hiyo kuliko jina la mchungaji wake. Lakini unga ule hakuuonja hata kwa ncha ya kidole. Ulikuwa mchache, na kila kijiko kilikuwa cha Bitutu.

Mkebe ukiisha Nyakundi alitengeneza mwingine, na Bitutu alikunywa Februari yote, akanywa Machi, mpaka Aprili. Alitapika, lakini kemo hutapisha. Alichoka, lakini kemo huchosha. Alianza kujikuna mikono na kushika ubavu wa kulia akiinama, na kila aliyekuja kumjulia hali alisema ni ile dawa, dawa yenyewe ni kali, vumilia mama. Nyakundi naye alisema hivyo hivyo. Alikuwa ameketi mbele ya mkewe aliyeshika kikombe cha uji, akimngoja amalize.

Raundi ya tano ilikuwa iwe katikati ya Aprili. Walifika hospitali mapema, Bitutu akatolewa damu kama kawaida, wakangoja. Daktari alipowaita hakuwa na haraka, na daktari asiye na haraka anatisha.

"Mama, leo hatutaweka dripu," akasema. "Ini linalalamika. Vipimo vimepanda karibu mara sita ya kawaida. Inaweza kuwa ni hizi dawa zetu. Inaweza kuwa kitu kingine. Simamisha pia vidonge, na baada ya wiki tano tutarudia damu na kupiga picha ya CT ndiyo tujue."

Nyakundi alisikia wiki tano. Bitutu alisikia kitu kingine. Kwenye viti vya dripu aliwahi kukaa na mwanamke wa Chepilat, mcheshi sana, ambaye Machi aliambiwa saratani imefika kwenye ini, na tangu hapo kiti chake kilikaliwa na mtu mwingine. Bitutu alikunja barua aliyopewa ya kupigwa picha mara nne akaiweka kwenye mkoba.

Walipofika nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba mpaka kwenye ile michai ya zambarau, akasimama hapo huku amekumbatia mkoba wake.

"Baba Phanice, mimi sirudi huko."

"Wamesema wiki tano tu."

"Nimesikia vile wamesema. Hiyo picha ni ya nini? Ni ya kuniambia ile kitu najua. Nimechoka kutapika. Kama ni kwenda, wacha niende nikiwa na nguvu ya kuongea na watoto." Akaonyesha kwa kidole chenye glovu. "Na usinipeleke Nyamira kwa baba yako. Huko sijui hata majirani. Utang'oa hii chai yako hapa katikati, unilaze hapa. Hapa palikuwa pangu."

Bitutu akapita kando yake akaingia ndani, na muda si muda akasikika akimpigia Phanice simu kwa sauti ya kawaida kabisa, akimwuliza kama anaweza kuja siku ya Jumapili, aje achague vyombo anavyovitaka.

Siku zilizofuata alifanya kama alivyosema. Vidonge vilivyobaki akavifunga kwenye bahasha. Uji wenye unga nao akaukataa, bila ugomvi, kama mtu anayekataa sukari. "Hiyo kunywa wewe," alisema. "Mimi nimemaliza." Phanice akaja, akalia, akaondoka bila kuchagua hata kijiko, akimwomba baba yake aseme na mama. Baba alisema na mama asubuhi, akasema naye jioni, akamletea mchungaji. Mama aliwapikia wote chai ya maziwa na akabaki pale pale alipokuwa.

Siku ya kumi Nyakundi aliamka na hasira ambayo hakujua ni ya nani. Mkebe ulikuwa mezani, umejaa nusu. Unga ule alioukeshea! Hauwezi kumwagwa. Kama mkewe amekataa, basi ataunywa yeye, vijiko vile vile vitano, kwa saa zile zile. Labda aliona kwamba kuumaliza ni namna ya kutokukubali. Akakoroga cha kwanza kwenye uji, akanywa akiwa amesimama, tumbo tupu.

Uchungu wake ulimshika taya. Alimeza hivyo hivyo. Mkebe akaenda nao kazini; cha pili alikinywa kiwandani saa nne, cha tatu saa saba. Saa nane tumbo lilikuwa limejikunja, jasho baridi likimtoka huku amesimama karibu na draya yenye moto wa kutosha kuchoma mkate. Cha nne hakukifikia. Phelix alimkuta nyuma ya chumba cha kunyaushia, ameshika ukuta kwa mikono miwili, akitapika hadi machozi.

"Omera, ndugu yangu, umekula nini?"

Nyakundi akaelekeza kidole kwenye mkebe. Phelix akaufungua, akanusa, akachovya kidole, akakiweka ulimini. Kazi yake ni kuonja. Amewahi kuonja chai iliyoungua, chai iliyooza, chai iliyobebwa na gari la mafuta ya taa. Hii aliitema papo hapo, akaenda bombani akasukutua mara tatu.

"Umetengeneza hii na nini?"

Hata katika hali ile, fundi ni fundi. Nyakundi akamweleza: gunia moja la majani, debe likawa kikombe, makaa ya moto mdogo siku mbili.

"Gunia kwa mkebe," akasema Phelix polepole. "Na mimi hapa nikionja chai ya kawaida natema, kwa sababu nikimeza yote ya siku moja nitalala sakafuni. Nani anakunywa hii?"

"Mama Phanice. Kwa ajili ya ugonjwa."

"Tangu lini?"

"Februari."

Phelix akafunga mkebe vizuri, akaurudisha mkononi mwa mwenzake. "Pale hospitali kuna pharmacist wa hizo dawa za kemo, Molly Ajwang. Ni shemeji yangu. Haumi mtu. Mpelekee hii, na umpeleke mama."

Nyakundi alitembea kwenda nyumbani kwa miguu, akisimama mara mbili kutapika kando ya barabara. Vijiko vitatu vilikuwa vimemfanya hivi, yeye mwanamume mzima asiye na ugonjwa wala kemo. Bitutu alikuwa amekunywa vitano kila siku kwa siku zaidi ya sitini. Alipiga hesabu hiyo njia nzima, na kila alipoifikisha mwisho aliona aibu mpaka masikio yakawaka.

Alimkuta mkewe jikoni akichambua mboga na glovu zake, jua likiingia mlangoni. Akavuta kigoda, akaketi mbele yake.

"Ile unga," akasema. "Nimekunywa leo. Vijiko tatu."

"Naona. Umekuwa rangi ya majivu."

"Kwa nini hukuniambia iko hivi?"

Bitutu aliweka chini mchicha aliokuwa ameushika. "Ningejuaje ni hiyo? Nilikuwa natapika ya hospitali na natapika yako, zote zinatokea mdomo moja." Akafikiri kidogo. "Na ulikuwa unakaa hapo unaniangalia nikinywa. Tangu tuoane haujawahi kukaa hapo. Nilisema kama hii ndiyo bei ya kukaa na bwana yangu, wacha ninywe."

Nyakundi aliinamisha kichwa. Maneno aliyoyapanga barabarani yalikuwa mengi na yote yalimponyoka, yakabaki machache tu.

"Hiyo ini. Labda si ugonjwa. Labda ni mimi."

"Sema tena."

"Labda ni mimi."

"Ngoja nikae vizuri," akasema Bitutu, ambaye tayari alikuwa amekaa. "Miaka thelathini na moja. Ng'ombe ilianguka kwa shimo, haikuwa wewe. Paa iliruka, haikuwa wewe. Hii chai ilikula bustani yangu, ikakuwa ni serikali. Leo ndiyo unasema labda ni wewe." Alicheka, na kicheko kikageuka kilio katikati, akajifuta kwa mgongo wa glovu. "Mimi nimejizika siku kumi, Baba Phanice. Nimeita mtoto wangu achague sahani. Unajua hiyo ni nini?"

"Sijui."

"Hujui. Basi tafuta viatu vyako. Kesho tunaenda."

Molly Ajwang alikuwa mwanamke mnene mwenye miwani iliyoning'inia kwa uzi, na ofisi yake ilikuwa ndogo kiasi kwamba Nyakundi alilazimika kushika mkebe mapajani. Aliwasikiliza mpaka mwisho. Aliuliza majani ni ya aina gani, yalichemshwa vipi, vijiko vya ukubwa gani, kabla au baada ya kula. Safari hii Nyakundi alijibu yale ya utengenezaji tu. Yale ya mwili alimwachia Bitutu, na kulikuwa na mengi ambayo hata yeye alikuwa hajawahi kuyasikia.

"Mzee, mimi sitakuambia chai ni mbaya," akasema Molly. "Na ile video haikukudanganya yote. Kuna watu wanafanya research ya hivi vitu, mimea pamoja na kemo, na kwa maabara, zingine zinaonyesha matumaini. Siku moja tunaweza kupata dawa huko. Lakini zile seli uliziona, zilikuwa kwa sahani, ama siyo?"

"Kwa sahani."

"Sahani haina ini. Mama iko nayo. Kila kitu anameza, kemo, panadol, hii unga, lazima ini ishughulike nayo. Kikombe cha chai kama hiki tunakunywa sisi wote, hakuna shida. Lakini chai ikifinywa hivi, watu wengine ini yao inaumia, hasa tumbo likiwa tupu. Na kama inasumbuana na dawa zetu, sisi hatuwezi kujua, kwa sababu kwa file imeandikwa hakuna."

"Ni mimi niliandikisha hivyo," akasema Nyakundi.

"Wewe na wengine wengi. Juzi mama mmoja ameniambia hatumii kitu, na mfuko wake unanuka kitunguu saumu mpaka kwa corridor." Akamgeukia Bitutu. "Mama, umeacha lini?"

"Siku kumi na moja."

"Na vidonge vyetu pia umesimamisha. Sawa. Hii mimi siwezi kukuahidi. Tutarudia damu ile siku ya picha. Ikiwa ini imeshuka, na picha iko sawa, tutasema ilikuwa ni unga, na unaendelea na kemo yako. Ikiwa haijashuka, basi hiyo picha ndiyo itatuambia. Lakini urudi. Ukikaa nyumbani hatutajua chochote."

Bitutu akasema atarudi. Mkebe ulibaki mezani kwa Molly, ukiwa na karatasi yenye tarehe.

Wiki zile zilizobaki zilikuwa ndefu. Nyakundi alikuwa mtu wa maombi ya kawaida, mvua, safari, mitihani ya watoto. Sasa alijikuta na ombi ambalo hakuweza kumwambia hata mzee wa kanisa. Kama ini litashuka, basi ni yeye aliyemtesa mkewe miezi miwili, kwa mikono yake, kwa kiburi chake cha chai. Kama halitashuka, yeye hana kosa, na Bitutu anakufa. Hakuna njia ya tatu. Sabato ya kwanza aliomba kwa kuzungukazunguka. Sabato ya pili aliacha kuzunguka. Aliinama kwenye benchi lake la siku zote, akafunika uso, akasema kimoyomoyo: Bwana, iwe ni mimi. Akarudia. Hakuwahi kuomba kitu kwa bidii namna ile, na alipoinua uso jirani yake alimwuliza kama anajisikia vibaya.

Bitutu alikula. Siku moja aliomba samaki. Siku nyingine aliacha kujikuna, na aliposema hivyo wote wawili wakageukia kazi nyingine wasiliharibu neno hilo. Nyakundi alikuwa akimchungulia macho yake kila asubuhi kutafuta manjano, mpaka akafukuzwa.

"Toa uso yako hapa. Daktari ni mwingine."

Siku ilipofika, damu ilitolewa saa mbili, picha ikapigwa saa nne, na wakaambiwa wangoje. Ukumbi ulikuwa umejaa. Walipata nafasi ya watu wawili kwenye benchi la ukutani, kando ya mama mmoja mzee wa Kipsigis aliyekuwa na chupa ya maji moto na blanketi. Nyakundi alishika magoti yake. Alikuwa tayari kwa yote mawili, au alijidanganya hivyo.

Daktari alitoka mwenyewe, karatasi mkononi, na Molly nyuma yake. Hakuwaita ndani.

"Mama Bitutu," akasema, "ini limeshuka. Limebaki kidogo sana lifike kawaida. Picha ni safi, hakuna kitu kwenye ini wala kwingine. Tunaendelea leo. Raundi ya tano."

Bitutu alifumba macho. Nyakundi alisikia kila neno, akalirudia moja moja kichwani, na lilipofika lile la mwisho alisimama katikati ya ukumbi, mtu mzima wa miaka hamsini na sita, kofia mkononi, machozi yakimmwagika mpaka kwenye kola.

"Ni mimi," akamwambia daktari. "Daktari, ni mimi." Akamgeukia Molly, kisha watu wa benchi la mbele wasiomjua, uso wake ukiwaka kwa furaha ambayo wao hawakuielewa. "Ni mimi nilimfanyia. Haikuwa ugonjwa. Ni mimi."

Watu wakatazamana. Yule mama mzee wa blanketi akamwinamia Bitutu, akamwuliza kwa sauti ya chini huyu ni nani, na amefanya nini, na kama aitwe askari wa mlangoni.

"Wacha aseme," akasema Bitutu, akivuta mkoba wake begani ili amfuate nesi. "Ni kweli, ni yeye. Ni bwana yangu."